Rodi Gani kwa Chuma Kigumu? Yanayofaa Kujulikana na Fundi na Mteja

Ni vigumu kwa mkazi wa Likoni, Kisauni au Changamwe kumaliza wiki bila kutegemea kazi ya fundi wa kuchomelea. Trela linalobeba kontena kutoka bandarini, tuktuk inayopanda kutoka kivuko cha Likoni, mkokoteni wa maji, nanga ya mashua ya mvuvi wa Mtongwe na mtaimbo wa mchimba mawe ni vitu ambavyo, siku moja au nyingine, hufikishwa karakana ya jua kali ili viungwe upya.

Sehemu kubwa ya kazi za karakana hizo ni mageti, madirisha, ngazi na vibanda. Hivyo hutengenezwa kwa chuma laini, na rodi ya kawaida inayouzwa katika kila duka la vifaa vya ujenzi inatosha. Matatizo huanza pale mteja anapoleta chuma kigumu kilichofuliwa kiwandani: ekseli, shafti, ndoano ya kuvutia trela, nanga au patasi nzito. Fundi akikishika kama geti, kiungo hupendeza macho siku hiyo, mteja hulipa, kisha baada ya siku mbili au wiki mbili kinakatika ghafla. Kikikatika shambani, hasara ni ya fedha. Kikikatika barabarani, gari likiwa limejaa mzigo, hasara inaweza kuwa uhai wa mtu asiyehusika kabisa.

Makala haya yanaeleza kwa nini jambo hilo hutokea, jinsi ya kuchagua rodi inayofaa, na vifaa ambavyo havifai kuchomelewa hata kidogo. Yameandikwa kwa ajili ya fundi, lakini mteja pia ayasome, kwa kuwa ndiye anayelipa na ndiye atakayetumia kifaa hicho.

Chuma kilichofuliwa ni kipi?

Kufua chuma ni kukipasha moto hadi kiwe laini, kisha kukipiga au kukigandamiza hadi kipate umbo. Pwani yetu si ngeni kwa kazi ya chuma. Katika karne ya 12 mwanajiografia al-Idrisi aliandika kuwa watu wa Malindi walichimba chuma na kukifanyia biashara yenye faida kubwa. Leo viwanda hufua kwa mashine za nguvu, lakini msingi ni uleule: chuma kilichofuliwa hushikamana vizuri ndani kuliko kile kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu.

Hata hivyo, kufuliwa peke yake si sababu ya ugumu. Ugumu hutokana na mambo mawili. La kwanza ni kiasi cha kaboni na madini mengine, kama kromu, manganizi na nikeli, yaliyochanganywa ndani ya chuma. Chuma laini cha mageti huwa na kaboni ya takriban asilimia 0.2 au chini yake. Shafti na ekseli nyingi huwa na kati ya asilimia 0.35 na 0.5. Springi za gari hukaribia asilimia 0.6, na reli ya treni huwa na takriban asilimia 0.7. Jambo la pili ni namna kilivyopashwa moto na kupozwa kiwandani. Kuna vifaa vinavyopashwa hadi viwe vyekundu, vikazamishwa ghafla katika mafuta au maji, kisha vikapashwa tena kwa moto wa kadiri ili visiwe vikavu na rahisi kuvunjika.

Wazee waliita chuma kigumu cha visu na patasi "pua", wakakitenga na chuma cha kawaida. Walijua kwa uzoefu jambo ambalo fundi wa leo anapaswa kulikumbuka: pua na chuma laini hutofautiana tabia, ijapokuwa kwa macho vinafanana.

Kwa nini kiungo hupasuka

Rodi inapowaka, chuma kilicho chini yake huyeyuka. Pembeni ya mshono pana ukanda mwembamba ambao hauyeyuki, lakini hupata joto kali sana. Mara tu rodi inapoondoka, kipande kizima, ambacho bado ni baridi, hunyonya joto la ukanda huo kwa kasi. Ni kama fundi amekipasha chuma kisha akakitumbukiza ndani ya maji. Chuma laini hakidhuriki sana na jambo hilo. Chuma chenye kaboni nyingi hubadilika hapo hapo kikawa kigumu na kikavu mfano wa glasi.

Adui wa pili ni haidrojeni. Gesi hii hutoka kwenye unyevu, kutu, rangi, grisi na mafuta. Katika joto la kuchomelea huingia ndani ya chuma kilichoyeyuka, na chuma kinapopoa hunaswa humo. Polepole hujikusanya kwenye ule ukanda mkavu.

Adui wa tatu ni mvutano. Mshono unapopoa hujikunja na kuvuta chuma cha pande zote mbili.

Yakikutana matatu hayo, yaani ukanda mkavu, haidrojeni na mvutano, ufa huzaliwa. Wala hauzaliwi palepale. Unaweza kujitokeza baada ya saa kadhaa, hata baada ya siku mbili, na mara nyingi huanzia chini ya mshono, mahali jicho halifiki. Ndiyo maana fundi huweza kuapa kwamba kazi ilikuwa nzuri alipoikabidhi, na mteja akaapa kwamba hakuibebesha mzigo wa kupita kiasi, na wote wawili wakawa wanasema kweli.

Kuchagua rodi sahihi, kuikausha na kupasha chuma moto kabla ya kazi ni njia za kuwaondoa maadui hao mmoja baada ya mwingine.

Jinsi ya kusoma namba za rodi

Rodi nyingi zinazouzwa nchini huandikwa kwa mfumo wa chama cha wachomeleaji cha Marekani, American Welding Society. Namba hizo zina maana.

Chukua E6013. Herufi E ni ya elektrodi. Namba mbili za kwanza, 60, zinaonyesha nguvu ya mshono: pauni 60,000 kwa kila inchi ya mraba, sawa na takriban kilo 42 kwa kila milimita ya mraba. Namba inayofuata, 1, inaonyesha kuwa rodi hufanya kazi katika mikao yote: chini, wima na juu ya kichwa. Namba ya mwisho ikisomwa pamoja na iliyotangulia hueleza aina ya ganda na umeme unaofaa.

Sasa linganisha na E7018. Nguvu imepanda hadi pauni 70,000, takriban kilo 49 kwa milimita ya mraba. Lakini tofauti kubwa zaidi iko mwishoni. Ganda la 18 limetengenezwa makusudi liwe na unyevu mdogo sana, ili mshono upate haidrojeni kidogo. Kwenye baadhi ya pakiti utaona pia H4 au H8. Hiyo ina maana kwamba haidrojeni katika gramu 100 za mshono haizidi mililita 4 au 8. Ganda la E6013 halikuundwa kwa kusudi hilo, na haidrojeni yake huwa nyingi zaidi mara kadhaa.

Kwa hiyo fundi anayetumia E6013 kwenye ekseli hakosei tu kwa sababu rodi ina nguvu ndogo. Kosa kubwa ni kwamba ameingiza haidrojeni mahali panapoichukia.

Kitambue chuma kabla ya kununua rodi

Mteja mara chache huja na karatasi inayoeleza chuma chake kimetengenezwa kwa nini. Fundi ana vipimo vichache vya kumsaidia.

*Kazi ya kifaa.* Jiulize kilikuwa kinafanya nini. Kifaa kinachozunguka kwa nguvu, kugonga, kukata, kunyumbuka au kuning'iniza mzigo kwa kawaida ni chuma kigumu. Kifaa cha kushikilia au kufunika mara nyingi ni laini.

*Tupa.* Safisha sehemu ndogo, kisha piga tupa mpya. Ikila chuma kwa urahisi, hicho ni laini. Ikila kwa shida, kaboni ni ya kadiri. Ikiteleza kama inayopita juu ya glasi, chuma ni kigumu sana.

*Cheche.* Gusisha chuma kwenye grainda na utazame cheche mahali penye kivuli. Chuma laini hutoa mistari mirefu iliyonyooka yenye matawi machache. Kadiri kaboni inavyoongezeka, cheche hupasuka kama nyota ndogo nyingi karibu na jiwe. Weka kando vipande vya kulinganishia: msumari mnene wa chuma laini, kipande cha springi ya gari na tupa kuukuu. Ukilinganisha cheche za kifaa cha mteja na za vipande hivyo, utakisia kwa uhakika zaidi.

*Mahali palipovunjika.* Chuma cha kalibu, kama vile baadhi ya vifuniko vya injini na vipande vya mashine za posho, huvunjika kwa uso wa kijivu wenye chembechembe, na cheche zake ni fupi na nyekundu. Hicho kina rodi zake maalumu za nikeli na hakimo katika makala haya.

*Sumaku.* Sumaku isiponata kabisa, huenda ni chuma kisichoshika kutu au chuma chenye manganizi nyingi. Simama kwanza, uulize mwenye ujuzi zaidi. Chuma cha manganizi nyingi hakitakiwi kupashwa moto kwa namna tutakayoeleza hapa chini.

Rodi ipi kwa kazi ipi

Hakuna rodi moja inayofaa kila chuma kigumu. Chaguo linategemea kazi ya kiungo.

E7018 ndiyo rodi ya kwanza kufikiria kwa shafti, nanga, mitaimbo, vishikio vya mashine na vyuma vya kaboni ya kadiri. Mshono wake ni imara na hunyumbuka kidogo badala ya kuvunjika. Ndugu yake E7016 hufanya kazi inayokaribiana na hiyo. Hufanya kazi vizuri kwa umeme wa DC, mshikio wa rodi ukiwa upande wa chanya. Kwa rodi ya milimita 3.2 anzia kati ya ampea 110 na 140, kisha fuata maelekezo ya pakiti. Shikilia moto mfupi, usiichezeshe rodi mbele na nyuma kama ilivyo desturi kwa baadhi ya rodi nyingine.

E312-16 ni rodi yenye kromu ya takriban asilimia 29 na nikeli ya asilimia 9. Hutumika pale fundi asipojua kwa hakika chuma ni cha aina gani, au anapounganisha chuma kigumu na chuma laini. Huvumilia vyuma vigumu kwa sababu mshono wake hupokea haidrojeni bila kuipeleka haraka kwenye ukanda mkavu. Bei yake ni kubwa mara kadhaa kuliko ya rodi ya kawaida, kwa hiyo hununuliwa kwa kazi maalumu. E309L nayo hutumika kuunganisha chuma cha kawaida na chuma kisichoshika kutu.

Rodi za nguvu ya juu, kama E11018 ambayo hufikia pauni 110,000, zipo kwa ajili ya vyuma maalumu vilivyotiwa nguvu kiwandani, na hutumika kwa kufuata utaratibu ulioandikwa na mhandisi. Mafundi wengine hudhani kwamba rodi yenye namba kubwa ndiyo bora kwa kila kitu. Si hivyo. Mshono wenye nguvu nyingi hunyumbuka kidogo, na mvutano wote huhamia kwenye ukanda mkavu ulio pembeni. Mara nyingi mshono laini kiasi, ulioongezwa unene, hudumu kuliko mshono mgumu.

Rodi za kuongeza ugumu wa uso huwekwa juu ya sehemu inayolika kwa kusuguana na mchanga au mawe, mfano meno ya ndoo ya mashine ya kuchimbia. Hizi si rodi za kuungia. Mshono wake ni mgumu sana na mara nyingi hupata nyufa ndogondogo. Kwanza unga au jaza kwa E7018 au E312, kisha weka safu moja au mbili za rodi hiyo ngumu juu.

Unyevu wa Pwani ni adui wa E7018

Fundi wa Mombasa ana mtihani ambao mwenzake wa sehemu kavu za nchi hana. Hewa yetu ina unyevu mwingi mwaka mzima, na wakati wa masika hali huwa mbaya zaidi. Tena ina chumvi ya bahari. Ganda la E7018 hunyonya unyevu huo kama chumvi ya jikoni iliyoachwa wazi. Rodi iliyokaa kwenye pakiti iliyofunguliwa kwa wiki kadhaa bado imeandikwa E7018, lakini haina tena sifa iliyoifanya inunuliwe.

Kwa ujumla, rodi ya kawaida ya aina hii haifai kukaa kwenye hewa wazi zaidi ya saa nne hivi kabla ya kutumika kwenye kazi muhimu. Rodi iliyopata unyevu hukaushwa katika oveni ya rodi kwa takriban nyuzi 300 hadi 350 za Selsiasi kwa saa moja hadi mbili, kulingana na maelekezo ya mtengenezaji, kisha huwekwa kwenye kisanduku chenye joto la nyuzi 110 hadi 150 hadi itakapotumika. Kuanika rodi juani hakutoshi. Kisanduku chenye balbu ndani husaidia kuchelewesha unyevu kuingia kwenye rodi kavu, lakini hakikaushi rodi iliyokwisha kulowa.

Kwa karakana ndogo isiyo na oveni, kuna mambo manne yanayowezekana:

- Nunua pakiti ndogo iliyofungwa vizuri, ya kumaliza kwa kazi moja au mbili, badala ya rodi za kupimwa kwa kilo zilizokaa wazi dukani.
- Fungua pakiti chuma kikiwa kimeshasafishwa na kupashwa moto, si asubuhi unapofungua karakana.
- Mafundi jirani wachangie oveni moja. Vikundi vinavyoweka akiba pamoja vinaweza kuimudu kwa urahisi kuliko mtu mmoja.
- Rodi zilizobaki zitumie kwenye mageti. Usizirudishe kwenye ekseli.

Angalizo: usizikaushe rodi zote kwa moto huo mkali. E6013 huhitaji joto la chini zaidi, na rodi za E6010 na E6011 huharibika zikikaushwa, kwa kuwa ganda lake huhitaji unyevu kiasi ili lifanye kazi.

Kupasha moto kabla na kupoza polepole baada

Hata rodi bora haitaokoa kiungo kilichochomelewa kwenye chuma baridi. Kupasha moto kabla ya kazi hupunguza kasi ya kupoa, hivyo ukanda wa pembeni hauwi mkavu kama glasi, na haidrojeni hupata nafasi ya kutoka.

Kwa chuma cha kaboni ya kadiri, pasha hadi nyuzi 100 au 200. Kwa shafti zenye kaboni ya karibu asilimia 0.5 na vyuma vyenye kromu, pasha hadi nyuzi 200 au 300. Kipande kinene huhitaji joto zaidi kuliko chembamba. Ziko chaki maalumu zinazoyeyuka zikifikia joto fulani. Asiyekuwa nazo anaweza kutumia rangi ya chuma: sugua sehemu kwa msasa hadi ing'ae, kisha pasha polepole. Rangi ya manjano hafifu kama ya majani makavu hutokea karibu na nyuzi 220. Rangi ya buluu hutokea karibu na nyuzi 300.

Utaratibu wenyewe uwe hivi:

1. Ondoa rangi, kutu, grisi na chumvi hadi chuma king'ae, angalau sentimita mbili na nusu kila upande wa kiungo. Nanga na vyuma vya baharini vioshwe kwanza kwa maji yasiyo na chumvi, kisha vikaushwe kabisa.
2. Saga ufa wote hadi mwisho wake. Ufa ukibaki chini ya mshono, utapanda tena.
3. Chonga mfereji wa umbo la V ili rodi ifike katikati ya chuma. Kipande kinene chongea pande zote mbili.
4. Pasha moto eneo pana, si mahali pa mshono tu, ili joto lifike hadi ndani.
5. Chomelea kwa mishono myembamba, ukigeuza upande kwa upande. Ondoa gamba baada ya kila mshono. Joto lisishuke chini ya lile uliloanza nalo.
6. Usiwashe rodi nje ya mfereji. Alama ndogo ya moto juu ya chuma kigumu inatosha kuanzisha ufa.
7. Ukimaliza, kifunike kipande chote kwa majivu makavu, chokaa kavu au mchanga mkavu uliopashwa moto, kikae hadi kipoe chenyewe. Kamwe usikimwagie maji, wala usikiache kwenye upepo wa kusi.
8. Subiri siku mbili kabla ya kukikagua. Paka mafuta ya taa mbali na moto, yaache yapenye kwa muda, pangusa hadi pakauke, kisha paka chaki nyeupe. Pakiwa na ufa, mafuta yatajichora kwenye chaki.

Hatua hii ya mwisho ndiyo wateja wengi huipinga, kwa sababu kila mmoja anataka kifaa chake leo. Hata hivyo, siku mbili za kusubiri ni nafuu kuliko kuvuta lori lililokwama barabarani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa chuma kigumu, ufa wenyewe huchukua siku mbili kuonekana.

Vifaa ambavyo havifai kuchomelewa

Kuna kazi ambazo jibu sahihi la fundi ni "hapana". Vifaa vifuatavyo vilipata nguvu zake kiwandani kwa moto na upozaji uliopimwa. Joto la rodi hufuta kazi hiyo, na hakuna rodi inayoweza kuirudisha karakanani:

- Ndoano za kreni, minyororo ya kuinulia mizigo na pingu zake.
- Uma wa forklift.
- Vyuma vya usukani, vya breki na boliti za magurudumu.
- Kingpini ya trela na vifungo vya kushikilia kontena.
- Springi za gari. Jani lililovunjika libadilishwe.
- Uso wa nyundo. Mshono mgumu juu yake huruka vipande na unaweza kumpofua mtumiaji.

Kwa vifaa vya kuinulia mizigo, suala si ushauri tu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka vikaguliwe mara kwa mara na mtu aliyeidhinishwa. Mwenye yadi ya kontena anayempelekea fundi ndoano iliyopasuka anamtwisha fundi huyo dhima isiyokuwa yake.

Vilevile, shafti ya mashine ya posho inaweza kuungwa, lakini mara nyingi ni bora na rahisi zaidi kuchongesha mpya kwenye mashine ya lethi. Nayo ncha ya mtaimbo au patasi iliyolika inaweza kufuliwa upya na mfua vyuma na kutiwa makali, bila rodi yoyote.

Mteja, uliza maswali haya

Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, na maelezo yanayomwezesha kunufaika nazo. Kabla ya kukubali bei, muulize fundi: Hiki ni chuma cha aina gani, na umejuaje? Utatumia rodi gani? Pakiti yake ilifunguliwa lini? Utakipasha moto kabla? Kitapozwa vipi? Fundi anayejua kazi yake hatakasirika. Atafurahi kumpata mteja anayeelewa kwa nini bei ya ekseli si sawa na bei ya geti.

Unaponunua rodi, tazama pakiti. Iwe na namba kamili, ukubwa, maelekezo ya kukausha na jina la mtengenezaji. Bidhaa ya humu nchini iwe na alama ya ubora ya KEBS, na iliyoagizwa kutoka nje iwe na stika ya ISM ya shirika hilo. Ganda lililopasuka, lililomenyuka au waya wenye kutu ni dalili ya rodi ya kukataa.

Ujuzi na usalama wa fundi

Fundi aliyejifunzia kazini hana sababu ya kubaki bila cheti. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, yenye kituo hapa Mombasa, hutahini mafundi kwa madaraja, kuanzia la tatu hadi la kwanza. Cheti hicho humfungulia mlango wa zabuni na ajira ambazo ujuzi pekee haumfikishi. Vyuo vya ufundi vya mashinani navyo, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, ni jukumu la serikali za kaunti. Wazazi wenye vijana waliomaliza shule waulizie nafasi katika ofisi ya wadi yao.

Rodi za kromu na nikeli hutoa moshi unaodhuru mapafu, kwa hiyo fanya kazi penye hewa ya kutosha, upepo ukiuondoa moshi usoni pako. Vaa ngao ya uso, glavu za ngozi na viatu vilivyofunika mguu. Kipande kilichopashwa moto hadi nyuzi 200 hakionyeshi wekundu wowote. Weka alama ya chaki ili mtoto au msaidizi asikiguse. Na unapochomelea chuma kikiwa bado kwenye gari, ondoa waya wa betri na ufunge waya wa athi karibu na kiungo, umeme usipite ndani ya beringi.

Pakiti ndogo ya E7018 iliyofungwa vizuri, gunia la majivu makavu, tupa moja na subira ya siku mbili: hivyo ndivyo karakana yoyote ya Magongo, Kongowea au Likoni inavyohitaji ili kuanza. Na mteja akiletewa kifaa kisichofaa kuchomelewa, asimtafute fundi wa pili atakayekubali. Anunue kipya.